Anayejua Bomba Linapovuja Ananyamaza kwa Nini?

Hotuba iliyotolewa na wakili mbele ya waumini na wanaharakati wa haki za raia, Uthiru



Tumeombwa tuzungumze juu ya jambo ambalo kwa kawaida mameneja hulizungumza wakiwa peke yao, ndani ya kumbi za hoteli, mwananchi asiwepo. Jambo lenyewe ni hili: ni mambo gani yanayomfanya mwajiriwa wa shirika la huduma za umma aitie kazi yake moyo, na ni mambo gani yanayomfanya auondoe moyo huo akabakiza mikono tu? Wataalamu wa usimamizi wana majina yao kwa jambo hili. Sisi tutaliita moyo wa kazi, kwa kuwa ndivyo wanavyoliita wale wanaoifanya.

Sababu ya kulileta kanisani mnaijua. Kwa majuma kadhaa umekuwa ukizungushwa hapa waraka wa malalamiko juu ya maji, nao umekwisha kupata sahihi nyingi. Waraka huo, katika aya yake ya 4, unataka mafundi wote na wasoma mita wote wa upande wetu wa jiji wafutwe kazi kwa mkupuo mmoja, na mahali pao pachukuliwe na watu wapya. Tumeusoma zaidi ya mara moja. Hasira iliyomo twaielewa, kwani nasi twanunua maji ya mkokoteni kwa mtungi kama ninyi, na bili ya mfereji uliokauka hutufikia kama inavyowafikia ninyi. Hata hivyo hatukuitia sahihi yetu, na tumekuja leo kuwaeleza kwa nini.

Tuanzie hapa tulipo. Chemchemi za Kikuyu ziko juu yetu kidogo, mwendo mfupi kutoka Uthiru, nazo ndizo zilizounywesha mji wa Nairobi ulipokuwa mchanga, mwanzoni mwa karne ya 20. Mji ulipokua ukafuata maji mbali zaidi: Ruiru, kisha Sasumua katika miaka ya 1950, kisha Ndakaini katika miaka ya 1990, bwawa ambalo pekee lina nafasi ya mita za ujazo milioni 70. Mwisho ukachimbwa mtaro wa chini kwa chini huko Murang'a, wa karibu kilomita 12, unaokusanya maji ya mito ya Maragua, Gikigie na Irati, ambao ulipangiwa kuongeza lita milioni 140 kwa siku. Kila mara jibu limetoka mbali, na kila mara limekuja na mkopo.

Lakini Bodi ya Kudhibiti Huduma za Maji, WASREB, hutoa ripoti yake kila mwaka, nayo ripoti imekuwa ikirudia neno lile lile. Katika kila lita 100 zinazozalishwa na kampuni za maji za Kenya, zaidi ya 40 hupotea bila kulipiwa. Nyingine huvuja, nyingine hupita katika mita iliyokufa, nyingine huibwa. Bodi yenyewe imesema kwamba kupoteza zaidi ya lita 25 katika 100 ni jambo lisilokubalika. Basi twaweza kuchimba mlima mwingine, na maji yake yatatupotea vile vile yakiwa njiani.

Nani ajuaye yanakopotelea? Mwenyekiti wa bodi hajui. Mhandisi aliye ofisini ana ramani, na ramani yake huenda ni ya zamani kuliko yeye. Ajuaye ni fundi mwenye spana, anayekumbuka kwamba bomba la mtaa fulani lilikatwa likapitishwa chini ya gorofa ya mtu fulani. Ajuaye ni msoma mita aonaye nambari ile ile mwezi baada ya mwezi katika jengo ambalo halijakosa wapangaji. Ujuzi ambao ungeokoa maji ya jiji umo vichwani mwa watu wa chini kabisa katika orodha ya mishahara. Waraka wetu unataka watu hao waondolewe wote, pamoja na vichwa vyao.

Tunaloliuliza sisi ni tofauti. Mbona ujuzi huo haupandi juu?

Miaka michache iliyopita alitujia msoma mita wa shirika moja la umma. Jina lake na la shirika lake tunayaacha, kwa kuwa siri ya mteja ni siri. Katika mzunguko wake alikuta jengo kubwa la biashara ambalo mita yake ilikuwa imesimama kwa miezi mitatu, ilhali mashine za kufulia za jengo hilo zilikuwa zikivuma mchana kutwa. Akaandika ripoti kwa mkono wake, kurasa mbili, akachora na mchoro wa mahali alipodhani bomba la pembeni limefukiwa. Mkubwa wake akamshukuru. Baada ya wiki mbili akapokea barua ya uhamisho kwenda ng'ambo ya pili ya jiji, akawekwe ghalani kuhesabu vifaa. Barua ilisema ni kwa manufaa ya huduma. Hakuna aliyemtukana, hakuna aliyemkata mshahara, na mita ile haikuguswa.

Alitaka tumshtakie. Tulimweleza ukweli, kwamba uhamisho usioshusha cheo wala mshahara ni mgumu kuupinga mahakamani, kwa sababu mwajiri ana haki ya kupanga watu wake, na nia mbaya haiandikwi katika barua. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi, wakili, kuanzia leo nitasoma ninachotumwa kusoma." Akarudi ghalani. Twaamini kwamba wenzake wote walijifunza siku ile ile, bila kuitwa semina.

Mwaka 1990 mtaalamu mmoja wa Chuo Kikuu cha Boston, William Kahn, alichapisha utafiti ambao hadi leo wanafunzi wa usimamizi husomeshwa. Hakuwa amekwenda katika kiwanda kikubwa. Alikaa na walezi wa watoto katika kambi ya likizo, kisha akakaa na wafanyakazi wa ofisi ya wasanifu majengo, akatazama ni lini mtu huitia kazi nafsi yake na ni lini huificha. Aliona kwamba mtu hujiuliza kimoyomoyo maswali matatu. Je, kuna maana yoyote nikijitoa? Je, nikijitoa nitasalimika? Je, ninazo nguvu za kujitoa, au nimekwisha kuchoka na kuelemewa na mengine? Jibu la swali moja likiwa la, mtu hubaki kazini lakini nafsi yake huenda nyumbani.

Msoma mita wetu alikuwa na jibu zuri la swali la kwanza. Maji yana maana, hilo halina ubishi. Hakuna kazi iliyo karibu na uhai kuliko kumpelekea mama maji ya kumwogesha mtoto. Nguvu alikuwa nazo pia, la sivyo asingeandika kurasa mbili. Lililomshinda ni lile la kusalimika. Nasi, katika miaka yote tuliyowasikiliza wafanyakazi wa mashirika ya umma ofisini mwetu, tumefikia rai kwamba katika nchi hii swali la kusalimika ndilo linaloyameza mengine yote mawili.

Tuna historia yake. Mnamkumbuka marehemu David Munyakei, karani wa Benki Kuu ya Kenya, aliyeona nyaraka za malipo ya Goldenberg zikipita mezani pake mwanzoni mwa miaka ya 1990, akaona haziendi sawa, akazifikisha kwa wabunge wa upinzani. Mwaka 1993 alikamatwa akashtakiwa chini ya Sheria ya Siri za Serikali. Hakutiwa hatiani, lakini kazi hakurudishiwa. Alitunukiwa tuzo ya uadilifu mwaka 2004, na mwaka 2006 akafariki akiwa maskini. Nchi nzima ilimsifu kwa kinywa. Lakini kila karani, kila fundi na kila msoma mita alitazama mwisho wake, akapiga hesabu yake.

Msituelewe vibaya. Hatusemi kwamba mshahara si kitu. Yapo maneno ya kifahari juu ya moyo wa kujitolea ambayo hutamkwa zaidi na watu walioshiba. Yakobo, katika sura ya 5 ya waraka wake, aliwaonya matajiri juu ya ujira wa wavunaji uliozuiliwa, na ningetaka kila mkurugenzi wa fedha aisome sura hiyo mwisho wa mwezi. Linalomuuma mfanyakazi wa umma kuliko kiwango cha mshahara ni makato. Anakatwa fedha ya malipo ya uzeeni, karatasi yake ya mshahara inaonyesha amekatwa, kisha miaka ikipita anasikia kwamba haikufikishwa kwenye mfuko. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu zimetaja mara nyingi kaunti na kampuni za maji zenye madeni ya namna hiyo. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamlazimu mwajiri akiisha kukata afikishe. Mtu aliyeibiwa uzee wake na mwajiri, mtamhubirie vipi juu ya maji yaliyoibiwa na jirani?

Kisha kuna vibarua. Katika mashirika mengi ya huduma, shimo linachimbwa na kibarua, bomba linabebwa na kibarua, na usiku wa manane anayeitwa bomba likipasuka ni kibarua, ambaye mkataba wake ni wa miezi mitatu, ukahuishwa tena na tena hadi mwanawe akamaliza shule ya msingi. Sheria haikubali mchezo huo. Kifungu cha 37 cha Sheria ile ile kinasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja, au aliyepewa kazi ambayo haiwezi kukamilika kwa chini ya miezi mitatu, atahesabiwa kuwa mwajiriwa mwenye haki za mkataba. Wengi hawajui. Wanaojua huogopa kudai kabla mkataba haujahuishwa, na mkataba daima uko karibu kuhuishwa. Shirika linalomwambia mtu kila baada ya siku 90 kwamba halimjui, lataka alipende kwa sababu gani?

Naye kibarua huyo anakula wapi? Hapa itabidi tuseme kweli, maadamu tumo ndani ya nyumba ya ibada. Anakula kwetu. Wapo kati yetu waliomwita fundi jioni, wakampa chai, akawaunganishia bomba kabla ya mita. Wapo wenye nyumba za kupangisha ambao wapangaji wao wana maji juma zima ilhali jirani zao hawana, na sababu yake si baraka. Tukimtaka fundi afutwe kwa kupokea, na sisi tuliotoa tutafutwa na nani? Nasi mawakili hatujitoi. Tumeandika hati za mauziano ya majengo ambayo hatukuuliza maji yake yatoka wapi.

Na msisahau wanaoingia katika mashimo ya maji taka. Gesi iliyomo humo humwangusha mtu kabla hajapiga kelele, na mwenzake akishuka kumwokoa huanguka naye. Habari za vifo vya namna hiyo mmezisoma magazetini, za hapa na za miji mingine. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inampa mfanyakazi wajibu wa kuripoti hatari anayoiona, na inamkataza mwajiri kumrudisha mahali penye hatari kubwa kabla haijaondolewa. Kifungu chake cha 9 kinataka kila mahali pa kazi penye watu 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, ambamo wafanyakazi wana wawakilishi wao. Tafadhalini itieni maanani kamati hiyo, tutairudia. Mtu anayejinunulia viatu vya mpira kwa fedha yake ili aingie katika uchafu wetu amekwisha kupata jibu la swali lile la maana: kazi yake ina maana kwake, ila haina maana kwa waliomtuma.

Wengine watasema, kama wana shida mbona hawagomi? Hawawezi. Ibara ya 41 ya Katiba yetu ya 2010 inampa kila mfanyakazi haki ya kugoma, lakini Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 imeiweka huduma ya maji katika orodha ya huduma za lazima, na kifungu cha 81 kinakataza mgomo humo. Mgogoro hupelekwa mahakamani. Twaona sababu ya sheria hiyo. Jiji bila maji kwa wiki moja ni jiji la kipindupindu. Lakini aliyenyimwa sauti kubwa ni lazima apewe mahali pa sauti ndogo, tena pa kweli. Wazee hapa wanakumbuka kwamba chama cha watumishi wa serikali kilipigwa marufuku mwaka 1980 na hakikusajiliwa tena hadi mwaka 2001. Kwa zaidi ya miaka 20 mtumishi wa umma wa nchi hii alifundishwa kwamba utii ni ukimya. Tulibadilisha Katiba, mazoea ya ofisini hayabadiliki kwa kura ya maoni.

Mwaka 1970 mwanauchumi Albert Hirschman aliandika kitabu ambacho chimbuko lake lilikuwa hapa Afrika, katika reli ya Nigeria. Alishangaa kwa nini reli ile haikujirekebisha ilhali malori yalikuwa yakiinyang'anya mizigo. Ungedhani ushindani ungeiamsha. Jibu lake lilikuwa kwamba wateja wenye nguvu ya kulalamika ndio waliokuwa wa kwanza kuhamia malorini, reli ikabaki na wale wasioweza kusema, na kwa kuwa serikali iliifidia hasara, haikuona uchungu. Tazameni Uthiru na Kangemi na Kinoo kwa jicho hilo. Mwenye uwezo amechimba kisima chake kwa mashine, au anaita lori la maji. Haendi tena ofisini kugombana. Na ndani ya shirika ni vivyo hivyo. Mhandisi hodari aliyechoka kupuuzwa hupata kazi kwa mkandarasi au ng'ambo. Wanaobaki ni wa aina mbili, wenye subira ya ajabu na wenye sababu zao za kubaki, na kutoka nje si rahisi kuwatofautisha.

Ndiyo maana hatuna imani na dawa ya kubadilisha mwenye duka tu. Kampuni ya Maji na Maji Taka ya Nairobi iliandikishwa Desemba 2003, kufuatia Sheria ya Maji ya 2002, ili kazi ya maji itolewe katika siasa za Baraza la Jiji. Lilikuwa wazo jema. Lakini fikirini mfanyakazi aliyeanza katika idara ya Baraza, akajikuta chini ya kampuni, akaona Baraza likifa na kaunti ikizaliwa mwaka 2013, akaona kati ya 2020 na 2022 majukumu mengi ya jiji yakiwa mikononi mwa NMS, kisha yakarudi kaunti. Kila mabadiliko yalikuja na hotuba. Huko Dar es Salaam walijaribu njia nyingine: mwaka 2003 uendeshaji wa maji ulikabidhiwa kampuni ya City Water, yenye wawekezaji wa kigeni, na mwezi wa Mei 2005 serikali ikauvunja mkataba huo. Mwenye duka alibadilika mara mbili katika miaka miwili, na mabomba yalikuwa yale yale.

Mfano unaotupendeza zaidi uko Uganda, na tunauleta pamoja na dosari zake. Shirika la Taifa la Maji na Maji Taka la huko lilikuwa hoi mwaka 1998. Lilikuwa na wafanyakazi 36 kwa kila maunganisho 1,000, na takriban lita 60 katika 100 zilikuwa hazilipiwi. Mwaka huo aliteuliwa mkurugenzi mpya, Dakta William Muhairwe, akalibakiza shirika mikononi mwa umma. Alianza na mpango wa siku 100. Baadaye ukaja mpango ambao wakubwa na wadogo walikutanishwa ana kwa ana, wadogo wakaeleza vikwazo vinavyowafunga mikono na wakubwa wakatakiwa kujibu pale pale. Kisha wafanyakazi wa kila eneo wakapewa mkataba wa ndani: hili ni eneo lenu, malengo ni haya, mkiyafikia mtapata nyongeza, mkishindwa mtaikosa. Baada ya miaka kadhaa wafanyakazi walikuwa chini ya 10 kwa kila maunganisho 1,000, na maji yasiyolipiwa yalishuka hadi karibu theluthi moja.

Dosari yake ni kwamba mamia ya watu walipoteza kazi, na hatuwezi kuliita jambo hilo dogo. Wala theluthi moja si ushindi kamili. Lakini tazameni lililofanya kazi. Watu wengi waliobaki walikuwa wale wale wa shirika lililokuwa hoi, wenye spana zile zile. Kilichobadilika ni kwamba aliyesema bomba linavuja alisikilizwa, na aliyeliziba alifaidika. Nasi twasikitika kwamba vipimo vya WASREB vyauliza idadi ya wafanyakazi kwa kila maunganisho 1,000, na mishahara yao inakula sehemu gani ya gharama, wala haviulizi ripoti ngapi za wafanyakazi zilipokewa na ngapi zilifanyiwa kazi.

Waumini mtakumbuka kwamba Nehemia aliwakuta watu wana moyo wa kuujenga ukuta, hayo yamo katika sura ya 4. Sura ya 5 husomwa mara chache zaidi. Humo kunasikika kilio: wajenzi wamerehani mashamba na watoto wao kwa madeni, na wanaowadai ni ndugu zao wakubwa. Nehemia hakuwafukuza wajenzi kwa kulalamika. Aliwaita wakubwa mbele ya mkutano, akawataka warudishe. Ukuta uliendelea baada ya hapo.

Sasa turudi kwenye aya ya 4. Kama mawakili twawaambia kwamba haitasimama. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinataka mfanyakazi anayetuhumiwa aelezwe kosa lake kwa lugha anayoielewa, asikilizwe, na awe na mwenzake au mwakilishi wa chama pembeni. Ibara ya 236 ya Katiba inakataza mtumishi wa umma kuondolewa bila utaratibu wa sheria. Wakifutwa kwa mkupuo watakwenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, watashinda, na kila mmoja aweza kulipwa fidia ya hadi mshahara wa miezi 12. Fidia hiyo italipwa na kampuni, na kampuni haina shamba la kahawa. Italipwa kutoka katika bili zetu. Mwizi halisi atakuwa miongoni mwa waliofidiwa. Hatumtetei mwizi. Ashtakiwe kwa jina lake, kwa tarehe, kwa bomba, na aliyemhonga asimame kando yake kizimbani.

Badala yake tumeandika aya nyingine, nayo imepigwa chapa. Inaitaka kampuni itangaze kila robo mwaka, kwa kila eneo, lita zilizoingia na lita zilizolipiwa. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inatupa haki ya kuuliza. Inataka kamati za usalama za kifungu cha 9 zikutane kweli, na mapendekezo yao yajibiwe kwa maandishi. Inataka vibarua waliotimiza masharti ya kifungu cha 37 waandikwe. Inataka mfanyakazi aliyeripoti wizi wa maji asihamishwe ndani ya mwaka mmoja pasipo sababu zilizoandikwa na chama chake kupewa nakala. Hili la mwisho tumelitungia nguzo katika Ibara ya 236, na katika kifungu cha 16 cha Sheria ya Upatikanaji wa Habari, kinachomlinda anayefichua jambo kwa maslahi ya umma asiadhibiwe kazini. Kulinda kwa karatasi hakutoshi, lakini aliyehamishwa atakuwa na kitu mkononi cha kumwonyesha jaji, jambo ambalo mteja wetu hakuwa nalo.

Aya hiyo ina sentensi moja inayotuhusu sisi wenyewe, na kuna wazee waliotuomba tuitoe. Inasema kwamba sisi tuliotia sahihi hatutampa fundi fedha mkononi, na kwamba mwenye bomba lisilopita katika mita atajiandikisha ndani ya siku 60. Hatukuitoa. Waraka utapelekwa kwenye Bunge la Kaunti chini ya Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, na swali la kwanza tutakaloulizwa huko ni mikono yetu iko vipi. Jirani zetu wa upande wa Kiambu, ambao maji yao yako chini ya kaunti nyingine, wametuomba nakala ili waandike wao.

Rasimu iko mezani kwa katibu. Waliotia sahihi waraka wa kwanza wana haki ya kuiacha sahihi yao au kuifuta. Daftari liko pale pale, wala hakuna atakayeulizwa sababu. Jumamosi ijayo baada ya saa nane tumewaalika wafanyakazi watatu wa maji, fundi mmoja, msoma mita mmoja na kijana anayeingia mashimoni, waje watueleze wenyewe. Wamekubali kwa sharti kwamba majina yao yasitajwe na simu zote ziachwe mlangoni. Tunaomba akina mama wa zamu watayarishe kapu la kuziwekea.